Namba Tano na Mwenzake

Nilimkwepa Fundi kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, Jumamosi saa tisa alasiri, akanikuta kwa Mama, nimekaa sakafuni katikati ya mapazia ya wateja, nafumua mishono.

Alipiga hodi moja tu, na hata karibu hakuisubiri. Alivua viatu mlangoni, akaingia na boksi mkononi, akasimama akiniangalia kwa yale macho yake ya kupima, kama vile anataka kujua nimepungua kiasi gani tangu tuonane.

"Daktari," akasema, "kumbe uko hai."

"Niko hai."

"Na simu yako?"

"Nayo iko hai."

"Basi mimi ndiye niliyekufa, na hakuna aliyenipa taarifa."

Mama alisimamisha cherehani. Alimkaribisha vizuri, akapokea shikamoo yake, akamwondolea pazia moja la maua kwenye kiti ili apate pa kukaa. Kisha akanitupia jicho juu ya miwani. Ninalijua jicho lile tangu nikiwa na miaka mitano. Lilikuwa linasema: usimwambie.

Mimi si daktari. Fundi ananiita hivyo kwa kunichokoza, na nilishaacha kumkatalia. Yeye ni fundi viatu, lakini wa viatu vya kupima. Usije ukamchanganya na wanaobandika soli, atakununia mpaka jioni. Vidole vyake vina rangi ya ngozi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga, na ninavipenda vidole vile kuliko nilivyowahi kumwambia.

Kazi yangu mimi ni kupanga jozi. Damu ya mtu inaletwa maabara, tunaiweka siku tatu kwenye chupa yenye joto la mwili, tunazisimamisha seli pale zinapokaribia kugawanyika, tunazipaka rangi kwenye kioo, halafu tunazipiga picha kwa darubini. Kwenye picha kromosomu zinaonekana kama vijiti vyenye mistari, vimetawanyika ovyo. Ziko arobaini na sita. Kazi ni kuitafutia kila moja mwenzake, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi, mstari kwa mstari, mpaka upate jozi ishirini na tatu. Katika kila jozi, moja ilitoka kwa baba na moja kwa mama, na kwa macho huwezi kujua ipi ni ya nani. Vitabu vina jina refu la jozi hizo. Mimi naziita wenza.

Miaka minane iliyopita, nilipokuwa najifunza kazi, kila mwanafunzi alipewa picha ya damu yake mwenyewe, mkasi na gundi, akaambiwa ajipange. Nilijipanga. Nilipofika namba tano, niliona mistari ya chini ya mmoja haifanani na ya mwenzake. Namba kumi na moja vilevile. Nikajiambia kioo kilikauka vibaya, vijiti vimejipinda. Nikavibandika, nikavikandamiza kwa kidole gumba. Kosa hilo lina watu wake, na watu wake ni sisi: jicho likishazoea kwamba kila kijiti kina mwenza, litamwona mwenza hata pale asipokuwepo. Mkufunzi alinipunguzia alama moja kwa sababu ya kumwaga gundi. Karatasi yangu ikabandikwa ukutani kwa miaka minane kama mfano wa mwanamke asiye na kasoro hata moja.

Halafu maabara ikaleta rangi mpya, inayoonyesha mistari vizuri zaidi. Mkuu wetu akataka ijaribiwe kwa damu tunayoijua kuwa safi. Nikakunja mkono wa blauzi bila hata kuulizwa. Siku nne baadaye nilikuwa mbele ya darubini, naona kipande cha namba tano kimekaa kwenye namba kumi na moja, na kipande cha namba kumi na moja kimekaa kwenye namba tano. Safari hii hapakuwa na gundi wala kidole gumba.

Jioni hiyo Fundi alinipigia mara tatu. Sikupokea.

Nilimwambia Mama peke yake, kwa kuwa nilihitaji na damu yake, tujue nilikoirithi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: je, hiyo ndiyo inayotoa mimba? Nikamwambia mara nyingi ndiyo. Mama alipoteza nne. Mmoja kabla yangu, watatu baada yangu. Baada ya wa nne, Baba alimrudisha hapa, kwa babu, mimi nikiwa nimebebwa mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, akasema hawezi kuzika kila mwaka. Dada zake walikuwa wameshasema mengine, ambayo Mama hajayarudia mpaka leo.

"Basi ilitoka kwangu," Mama alisema siku ile, akaunyoosha mkono kwa sindano kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu anayoijua. "Na ukitaka ushauri wangu, usimwambie huyo kijana. Olewa. Zaa akuone umezaa. Ukisema kabla, ataondoka. Wote husema watabaki."

Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa moja tu, na naitaja bila aibu: niliogopa nikimwambia Fundi ataniacha kama Baba alivyomwacha Mama, na niliogopa nisipomwambia nitakuwa nimemwibia. Kati ya hofu hizo mbili nilichagua kuzima simu.

Sasa alikuwa mbele yangu, kwenye kiti alichopewa na Mama.

"Nimekuletea viatu vyako," akasema, akilisogeza boksi. "Lakini sikuja kwa ajili ya viatu. Kwetu wameniuliza posa ya Jumapili ijayo ipo au haipo. Mama yangu ameshapiga pasi nguo. Nikawaambia ngojeni nikamuulize mwenyewe. Nauliza."

"Jumapili isiwepo," nikasema.

Aliliacha boksi, akaniinamia.

"Kuna mwingine?"

"Hakuna."

"Nimekukosea?"

"Hujanikosea."

"Basi nipe sababu. Hata ya uongo, nitaishi nayo."

"Bado hajajiandaa, mwanangu," Mama akadakia kutoka kwenye cherehani. "Wasichana wa siku hizi kazi zimewatawala. Mpe mwaka."

"Mama, kwa heshima zote," Fundi akasema bila kuniondolea macho, "mwaka nitampa, hata miwili nitampa. Lakini namuuliza yeye."

Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio unakwenda na kurudi. Nilimtazama yule mwanamume na vidole vyake, nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza nitampoteza vilevile, tena kwa uongo.

"Mama, naomba mkasi," nikasema.

"Wa nini?"

"Naomba tu."

Nikafungua boksi. Viatu vilikuwa vizuri kupita nilivyostahili, vya kahawia, vyenye kamba nyembamba. Nikazichomoa zote mbili. Kisha nikaenda mlangoni, nikaokota viatu vyake vyeusi, nikaanza kuchomoa na za kwake.

"Daktari, hivyo ni vya kwangu."

"Naviona."

"Nitarudi nyumbani navyo."

"Nyamaza kidogo, nakufundisha."

Nikasogeza kigoda katikati yetu, nikapanga kamba nne juu yake, nyeusi mbili, kahawia mbili.

"Tuseme una jozi mbili tu. Nyeusi na mwenzake. Moja ilitoka kwa baba yako, moja kwa mama yako. Kahawia na mwenzake, hivyohivyo. Katika seli zako zinakaa chumba kimoja maisha yote, lakini kila moja na shughuli zake, hazitafutani. Isipokuwa mara moja tu. Mwili unapotengeneza mbegu, au yai kwa upande wetu, kila moja inamtafuta mwenzake. Inamjua. Inalala naye ubavu kwa ubavu, urefu wote, hata hupeana vipande vidogo vinavyolingana. Halafu zinaachana. Moja inakwenda huku, nyingine kule. Ndiyo maana mtoto anachukua nusu kwako na nusu kwa mwenzako."

"Kwa hiyo zinakutana ili ziachane?"

"Ndiyo."

"Mbona ni huzuni hivyo?"

"Bila hivyo usingezaliwa. Sasa angalia mimi nilivyo."

Nikachukua kamba moja nyeusi na moja ya kahawia, nikaziweka kwenye mkasi, nikakata mikia yote miwili kwa pamoja.

"Mkasi wangu wa kitambaa!" Mama akapiga kelele. "Mtoto huyu! Kwa miaka yote hii nimesema ule mkasi haukati kitu kingine!"

"Samahani, Mama."

"Samahani itaunoa?"

Fundi hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. Nikafunga mkia wa kahawia kwenye kamba nyeusi, na mkia mweusi kwenye kamba ya kahawia. Nikaziweka karibu na zile mbili nzima.

"Huyu ndiye mimi. Nina nyeusi moja nzima, kahawia moja nzima, na hizi mbili zilizobadilishana mikia. Hesabu. Kuna kilichopungua?"

Alihesabu kweli. Aligusa kila kipande.

"Hakuna."

"Ndiyo maana nakula, nalala, nakusumbua. Kila kitu ninacho, ila vipande viwili vimebadilishana mahali. Nimejua siku kumi na mbili zilizopita."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sitaumwa. Shida inaanzia kwenye yai. Siku ya kutafutana, hizi zenye mikia ya kuazima zinataka kulala na nyeusi huku na kahawia kule. Basi zote nne zinang'ang'aniana, zinafanya msalaba. Halafu inabidi ziachane, mbili huku, mbili kule, na hakuna wa kuzisimamia."

Nilitaka kuendelea, lakini alikuwa ameshainama. Ni mtu wa mikono. Jambo asipolishika halimwingii. Akachukua zile mbili nzima, akaziweka kando.

"Akichukua hizi?"

"Huyo hana tatizo lolote."

"Akichukua hizi mbili zilizofungwa?"

"Huyo ni kama mimi. Atakuwa mzima."

Akachukua nyeusi nzima, akailaza pamoja na ile ya kahawia yenye mkia mweusi. Akazitazama kwa muda. Aliona mwenyewe kwamba nyeusi imezidi, na mkia wa kahawia haupo kabisa.

"Huyu hafiki," akasema polepole.

"Mara nyingi hafiki. Na akifika, anafika na matatizo makubwa, mengine ya kumwondoa mapema."

"Ni mara ngapi inakuwa hivi?"

"Si kama unavyoona hapo kwenye kigoda, nusu kwa nusu. Mwili una mambo yake, hakuna anayeweza kukupa hesabu kamili. Tunaweza kupata watoto wawili wazima mfululizo. Tunaweza kupoteza watatu kwanza. Mimba ikishika kuna vipimo, lakini vipimo vinakuambia tu, haviponyi." Nikamtazama usoni. "Nakupenda. Hilo halijabadilika. Lakini nisingeweza kukaa mbele ya wazazi wako Jumapili na kutabasamu huku najua hili na wewe hujui."

Fundi aliketi akiwa ameshika zile kamba. Hakusema neno. Nilihesabu maua ya pazia moja, nikafika kumi na tisa, nikapotea.

"Unaona?" Mama akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote. "Baba yako naye alianza kwa kunyamaza." Akamgeukia Fundi. "Mwanangu, usijilazimishe. Wewe ni mtoto wa watu, una haki ya kutaka watoto. Vaa viatu vyako uende. Hakuna wa kukulaumu hapa."

"Viatu vyangu havina kamba, Mama."

Nilitamani kucheka na kulia pamoja. Yeye hakuwa anatania. Alinigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilimwona amekasirika.

"Siku zote hizo," akasema. "Siku zote hizo ulikaa na jambo hili, na kumbe ulishaniamulia. Sijafungua mdomo, tayari ulishanifanya baba yako."

"Nilikuogopa."

"Ungeniambia unaniogopa! Ningekuja nikakaa hapa tukaogopa wote. Unajua mimi nimekaa karakana nafikiri nini? Nimefikiri nanuka gundi. Nimefikiri umepata mtu mwenye ofisi. Nimekosea kukata ngozi ya mteja mara mbili, mguu wa kushoto nimekata wa kulia, mimi!"

"Nisamehe."

"Sitaki unisamehe... sitaki kukusamehe." Alijikoroga mwenyewe, akashika kichwa. "Nataka uniulize kabla ya kunijibia. Basi."

"Usimgombeze," Mama akasema. "Ana sababu ya kuogopa watu, na sababu ni mimi. Alichonacho nimempa mimi. Nilimpa tumbo langu. Hata kule kwa baba yake sasa wanaonja. Shangazi mtu aliniambia juzi, yule kijana wao wa mke wa pili, mkewe amepoteza ya pili. Maneno yameshaanza, wanataka kumrudisha kwao. Nikasema loo, nyumba ile! Lakini mimi kasoro ninayo mwilini, nilistahili."

Tangu jana nilikuwa na karatasi kwenye mkoba. Kwetu maabara mtu haruhusiwi kusoma damu ya ndugu yake, kwa hiyo mwenzangu ndiye aliyeisoma, mara mbili, akaniletea mezani bila kusema kitu. Nilikuwa nimekuja asubuhi kumpa Mama majibu yake, nikajikuta nafumua mapazia, kwa sababu sikujua mtu anaambiwaje jambo kama lile.

"Mama, majibu yako yametoka," nikasema.

"Nayajua."

"Huyajui."

Nikaitoa karatasi, nikapiga magoti karibu na cherehani. Niliiweka juu ya kitambaa alichokuwa anashona. Picha yake ilikuwa hapo, vijiti vyote vimepangwa wawili wawili.

"Hizi ni zako. Jozi ishirini na tatu. Angalia namba tano."

Aliivuta miwani chini. "Naona mistari."

"Linganisha namba tano na mwenzake."

Akaweka kidole kwenye kimoja, akakihamishia kwa kingine, taratibu, kama anavyolinganisha mapindo mawili ya pazia. Mama ameishi kwa jicho hilo. Hakuna anayemdanganya kwamba pande mbili zinalingana kama hazilingani.

"Zinalingana," akasema.

"Namba kumi na moja."

Kidole kikahama. Kikakaa sana.

"Nazo zinalingana." Akaniangalia. "Sasa mbona zinalingana?"

"Kwa sababu huna kasoro, Mama. Hukunipa wewe. Ama ilianza na mimi mwenyewe, ama ilitoka kwa Baba. Kitabuni siwezi kuandika kwamba ni yeye mpaka apimwe. Lakini kuna wanne wako, kuna mimi, na sasa kuna wawili wa mke wa mwanawe. Mimi ukiniuliza, naamini ni yeye."

Hakulia. Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya pazia la mteja, akaivaa, akaiangalia tena picha, namba tano, namba kumi na moja.

"Wa kwanza alikuwa miezi minne," akasema. "Wa pili baada yako alikuwa sita. Nilikuwa nimeshamshonea."

"Najua, Mama."

"Hujui. Sikuwahi kukuambia." Akaiweka picha mapajani. "Nilikuwa nakwenda kisimani mwisho, wenzangu wakishamaliza, nisiwakute. Miaka. Na damu ilikuwa ya kwake!"

Nilidhani sasa atalia, nikauweka mkono wangu juu ya goti lake. Badala yake akanyoosha mkono, akachukua simu yake juu ya rundo la vitambaa. Alitafuta jina kwa muda. Sikujua kama ana namba ile. Alikuwa nayo.

"Mama, unafanya nini?"

"Kaa kimya." Akaiweka sikioni. Fundi alitaka kusimama atoke, yeye akamwonyesha kwa kidole abaki palepale.

"Ni mimi," Mama akasema kwenye simu. "Ndiyo, mimi... Hajafa mtu. Nisikilize, nitasema mara moja. Kijana wako na mkewe waende wakapimwe damu, wote wawili, na wewe uende. Kuna kitu kinachorithiwa. Mwanao huyu wa kwangu anacho, mimi sina, nimepimwa... Hapana. Sikukupigia kukutukana. Matusi niliyokuwa nayo kwako yaliisha zamani, nilikuwa nayatumia peke yangu usiku... Subiri, sijamaliza. Yule binti msimrudishe kwao. Umenisikia? Mkimrudisha, atakwenda kukaa miaka ishirini na sita akijua ni yeye, na si yeye." Alisikiliza. Upande wa pili nilisikia sauti ya mwanamume mzee, lakini si maneno. "Basi," Mama akasema. "Mpe huyo binti salamu zangu. Ataniuliza mimi ni nani. Mwambie ukweli."

Akakata. Akaikunja mikono mapajani.

Nilikuwa nimemfahamu mwanamke yule maisha yangu yote, na siku ile nilimwona upya. Nilidhani maumivu yake yalikuwa ya kuachwa. Kumbe aliachwa mara moja tu. Kilichomla ni kuamini kwamba kosa lilikuwa lake.

Kisha akamgeukia Fundi, mzimamzima, pamoja na kiti.

"Wewe sasa. Umesikia yote, hakuna lililofichwa. Ukitaka kuondoka, ondoka leo, na kamba nitakutafutia mimi. Nitakusindikiza mpaka barabarani na nitakuombea heri. Lakini usije ukaondoka baada ya wa nne."

Fundi aliziweka kamba juu ya kigoda. Safari hii sikuhesabu maua. Nilimwangalia yeye.

"Naogopa, Mama," akasema.

"Unaogopa nini?"

"Naogopa mtu nitakayekuwa. Sijawahi kupoteza mtoto. Sijui nitakuwaje ikipotea ya kwanza, sembuse ya tatu. Siwezi kukaa hapa nikakuahidi kwamba sitakasirika, au sitajifungia karakana siku mbili bila kusema na mtu. Pengine nitafanya hivyo. Huyu ananijua nikinuna." Alinitazama haraka, akarudisha macho kwa Mama. "Lakini kuna jambo moja ninaliweza. Ikipotea, sitasema ni yake. Kwa mtu yeyote. Nitasema ni yetu sote wawili. Na kwetu nitawaambia mimi, leo hii, kabla ya hiyo Jumapili. Mama yangu akitaka kulaumu, atanikuta mimi mlangoni."

"Na akikataa?"

"Atakuwa amenikataa na mimi."

Mama alikuwa amekodoa macho. Midomo yake ilitembea bila sauti, kana kwamba anajaribu kuyaonja yale maneno.

"Rudia," akasema.

"Lipi, Mama?"

"Hilo la kwanza. Ikipotea."

Fundi alishuka kwenye kiti, akakaa sakafuni karibu yangu, bega lake likagusa langu. Nilisikia harufu ya gundi na ngozi ambayo kwa siku zote hizo nilikuwa naikosa mpaka naumwa.

"Ikipotea, sitasema ni yake," akarudia. "Nitasema ni yetu."

Hapo ndipo Mama alipolia. Alilia kwa sauti, mikono yote miwili usoni, na sisi tukakaa chini pale bila kumnyamazisha, kwa kuwa kilio kile hakikuwa cha kunyamazishwa. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja, akanitazama mimi, si Fundi.

"Kwangu hilo neno limechelewa," akasema. "Kwako limewahi. Lipokee."

Nikaushika mkono wa Fundi mbele ya mama yangu, nikalipokea.